Mji Uliokuwa Mbele ya Mchwa

Mwalimu Silivesta Ntahondi aliendesha gari kama alivyozoea kuongoza kwaya: kwa mikono miwili, kichwa na mabega. Kila kona aliifuata kwa mwili mzima, na kila shimo alilipigia yowe kabla hawajalifikia. Mkewe, Injinia Yasinta Akonaay, alikaa kando yake ameng'ang'ania mpini wa mlango, akicheka mpaka mbavu zinamuuma.

Siku hizo hakuna aliyeendesha gari kwa mkono. Magari yalijiendesha, na watu walilala humo ndani au walikula mahindi ya kuchoma wakitazama picha zao. Lakini Mwalimu alikuwa ametafuta gari lenye usukani mpaka akalipata Kahama, kwa mtu aliyeligeuza banda la kuku. Akalisugua, akalitia betri mpya, akaenda nalo harusini.

"Fungate ni ya watu wawili," aliwaambia waalikwa. "Gari likijiendesha, tunakuwa watatu."

Wote wawili walikuwa wamezika wenza wao wa kwanza, na wote walikuwa na wajukuu. Watoto wao waliwashauri kwamba fungate ya watu wa umri ule ingefaa kufanyika Babati mjini, katika hoteli iliyo karibu na duka la dawa. Wao wakajibu kwa kuchukua njia ya milimani, upande wa Mbulu, ambako lami ilikwisha na ukungu ukaanza.

"Simu ya kazini umezima?" Mwalimu aliuliza kwa mara nyingine.

"Nimezima."

"Na hapa tunapopita hapahusiani na kazi?"

Yasinta akatazama nje dirishani. "Hapa tunapopita ni pazuri tu, mume wangu."

Mwalimu akaguna. Alikuwa amefundisha watoto maisha yake yote, na sauti ya mtu anayekwepa swali aliijua hata akiwa usingizini.

Usiku uliopita walikuwa wamelala Gidamuri, kijiji cha mwisho kabla ya genge la mlima. Mwenyeji wao, Mama Safari, aliwapa chumba chake mwenyewe na hakutaka kusikia habari za hoteli. Jikoni alikuwapo mkwewe, Restituta, mwenye mimba kubwa ya kwanza, akisonga ugali huku mkono mmoja ameushikilia mgongo. Mama Safari alipojua kwamba mgeni wake ndiye injinia wa barabara, aliacha kula.

"Ni wewe?" alisema. "Ni wewe wa wale mchwa?"

"Ni mimi, mama."

"Wanafika lini?"

"Kabla ya masika. Wameshavuka mto."

Mama Safari alimshika mikono yote miwili. Baadaye Safari, mwanawe, alimweleza Mwalimu nje, kwa sauti ya chini, kwamba dada yake Veronika alifia njiani, masika ya mwaka juzi, juu ya machela, kwenye tope, akiwa amebebwa na wanaume waliokuwa wakiteleza na kuanguka naye. Ndege za wagonjwa hazikuweza kuruka kwa sababu ya ukungu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya genge, na taa zake zilionekana kutoka kijijini siku ambazo mawingu yalipanda.

Asubuhi Restituta aliwafungia viazi vitamu kwenye majani ya mgomba na kumwambia Yasinta, kwa aibu kidogo, "Mchwa wako wakichelewa, shangazi, na huyu hatasubiri."

* * *

Baada ya mwendo mrefu Mwalimu alisimamisha gari mahali ambapo mlima ulibana. Upande mmoja kulikuwa na korongo, upande wa pili ukuta wa mwamba, na katikati shingo ya ardhi tambarare iliyojaa vichaka. Akateremka, akajipenyeza kwenye majani.

"Injinia!" sauti yake ikatoka humo. "Njoo uone."

"Mwalimu, umekwenda kujisaidia. Sitaki kuona."

"Nimemaliza. Njoo, Yasinta."

Alipomwita kwa jina, akashuka.

Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliomfika kiunoni. Ulikuwa wa mawe yaliyochongwa, yakapangwa bila saruji wala udongo, kila jiwe limekaa juu ya jingine kama meno. Ukuta ulizunguka na kufunga duara, na kwenye duara kulikuwa na mlango. Kizingiti cha mlango kilikuwa jiwe moja refu, lililolika katikati kwa nyayo za watu waliotoka na kuingia hapo maisha baada ya maisha.

Nyuma ya duara hilo kulikuwa na jingine. Nyuma yake, jingine. Walianza kusukuma vichaka kwa mikono, na mji ukafunguka mbele yao kidogo kidogo: nyumba zilizopangana kupanda mteremko, njia nyembamba katikati yake, matuta ya mashamba yaliyoshikwa kwa mawe, na mfereji uliosakafiwa vizuri kiasi kwamba maji ya mvua ya juzi bado yalikuwa yakipita ndani yake, taratibu, yakielekea mashamba yasiyo na mtu. Mahali fulani waliingia kwenye uwanja wa mviringo wenye viti vya mawe kuuzunguka. Mwalimu alisimama katikati, akakohoa, na kikohozi chake kikamrudia kutoka pande zote.

Akaimba noti moja. Mji ukaishika na kuirudisha.

"Mke wangu," alisema, machozi yakimlengalenga, "hawa watu walikuwa na kwaya."

Yasinta alikuwa ndani ya nyumba ya jirani, amechuchumaa. Humo palikuwa na mafiga matatu, bado meusi kwa moshi upande wa ndani. Figa moja lilikuwa fupi kuliko mengine, na mtu alikuwa amelitilia kijiwe chembamba chini ili chungu kisiyumbe. Kijiwe kilikuwa bado pale. Yasinta alikigusa kwa ncha ya kidole, akafikiri juu ya mwanamke aliyechoshwa na chungu kinachoyumba, akatoka nje siku hiyo kutafuta kijiwe cha unene ule hasa.

Hapo ndipo aliposikia mlio mdogo, kama wa mtu anayesaga karanga kwa meno. Ulitoka kwenye kizingiti cha nyumba hiyo.

Aliinama. Juu ya jiwe, lililolika kama lile la kwanza, kulikuwa na vidudu viwili vya chuma, kila kimoja na ukubwa wa punje ya maharage, vinang'ata.

* * *

"Hao ni nini?" Mwalimu aliuliza nyuma yake, ingawa alikuwa ameshajua.

Yasinta alimwokota mmoja. Mchwa yule alitikisika kwenye kiganja chake, akamtambua, akakunja miguu na kutulia kama kifaranga.

"Watangulizi," alisema. "Wanaonja jiwe kabla ya wenzao kufika."

Alipanda juu ya ukuta, akatazama bonde la mbele, upande wa hospitali. Vilima viwili mbele, wingu la vumbi jekundu lilikuwa limelala chini ya anga, na chini ya wingu hilo sauti ilikuwa ikisogea, laini, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo mkubwa kuliko wilaya. Mamilioni ya mchwa wake walikuwa wakija. Walikula mwamba na changarawe, wakavichanganya tumboni na gundi ambayo mafundi waliiita mate, wakavitema nyuma yao vikiwa barabara nyeusi, ngumu, isiyoshika tope. Katikati yao alitembea malkia, mashine kubwa kama lori, aliyewapa harufu ya kufuata. Yasinta alikuwa ametumia ujana wake wote kumtengeneza malkia yule. Marehemu mume wake wa kwanza alikuwa akimtania kwamba malkia huyo ndiye mke mwenza.

"Kwa hiyo njia inapita hapa," Mwalimu alisema.

"Ndiyo."

"Na hukujua?"

"Picha za angani ziliandika hapa ni mawe yaliyotawanyika. Ubora wa juu." Akamgeuza mchwa kiganjani. "Nilifurahi, Mwalimu. Nakumbuka nilifurahi. Nilisema, tazama bahati, mawe mazuri na yako njiani."

Haikuwa bahati. Kati ya korongo na mwamba palikuwa na shingo moja tu ya ardhi inayopitika. Waliojenga mji ule walikuwa wameliona jambo hilo kabla yake, kwa macho yao tu, na wakakaa hapo kwa sababu ileile iliyomfanya yeye apitishe barabara.

"Basi wageuze," Mwalimu alisema. "Wewe si ndiye mama yao? Wageuze."

Yasinta alitoa simu ya kazini mfukoni. Mwalimu aliitazama ikiwaka, akaamua kwamba siku hiyo hakukuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini haikuwa imezimwa.

Malkia alijibu papo hapo, kwa maandishi ya kijani. *Kubadilisha njia? Wafanyakazi watalala na kujifunza ardhi upya. Wataamka udongo ukikauka baada ya masika. Weka dole gumba kuthibitisha.*

"Hata ukiwasogeza kidogo tu?"

"Hata kidogo. Zamani walikuwa wanageuka upesi." Alikaa juu ya ukuta. "Barabara ya kwanza tuliyojenga, mkubwa mmoja alimpigia simu kijana wangu usiku, na kesho yake mchwa walikuwa wanaelekea shambani kwake. Wakakipita kijiji kizima pembeni. Nikalia, Mwalimu. Nikasema haitatokea tena. Nikawatia kufuli mimi mwenyewe: ukigusa njia, wanalala. Ili mtu yeyote anayetaka kuipinda barabara aone aibu ya kuisimamisha."

"Kufuli zuri."

"Zuri sana. Nilipewa na medali."

Mwalimu alikaa karibu naye. Kwa muda walisikiliza ungo ule mkubwa.

"Wageuze hivyohivyo," alisema hatimaye. "Walale. Barabara itasubiri msimu mmoja. Hawa," akaonyesha nyumba kwa kidevu, "hawatajengwa tena."

"Na Restituta?"

"Atapelekwa mjini mapema, akakae karibu na hospitali."

"Yeye, sawa. Nitamlipia mimi mwenyewe. Na wa nyumba ya pili? Na mtoto atakayeshikwa na homa katikati ya mvua? Umesahau machela?"

"Sijasahau machela!" Mwalimu alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumpandishia sauti tangu waoane, na sauti yake ilikuwa kubwa. Uwanja wa mviringo uliirudisha, wote wawili wakashtuka. Akaendelea polepole. "Ninachosema ni kwamba huu ni mji wa watu, Yasinta. Si kifusi. Utaulaje mji?"

"Na wewe utamwambiaje Mama Safari? Nenda wewe. Mwambie umeona ukuta."

Mwalimu akakaa tena, mbali kidogo na pale alipokuwa amekaa mwanzo.

* * *

Ni Mwalimu aliyesema wapige simu Gidamuri. Wenye haki ya kusema ni wale, alisema, si sisi wapita njia.

Mama Safari alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kicheko kikavu. "Mawe?" alisema. "Binti yangu, mawe tunayo hata huku. Ukitaka nitakuletea. Waache mchwa wako wale."

Lakini Restituta alikuwa karibu, na alitaka simu.

"Shangazi," alisema, "kuna nyumba?"

"Ziko nyingi."

"Ndani mna nini?"

Yasinta alifikiri kumpunguzia, akashindwa. "Kuna jiko la mtu. Mafiga matatu. Moja lilikuwa linayumba, akalitilia kijiwe."

Alisikika kuku akilia upande wa pili.

"Msiniulize mimi," Restituta alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Nikisema wale, nitaitwa mtu aliyekula mji. Nikisema wasile, na mtu akafa masika, hata kama si mimi, nitamwangaliaje mama hapa? Wewe ndiye injinia, shangazi. Mimi nina mtoto wa kubeba. Hili lingine libebe wewe."

Akamrudishia Mama Safari simu, na Mama Safari, baada ya kuvuta pumzi, alisema kwaheri kwa upole kuliko alivyoanza.

Yasinta aliiweka simu juu ya ukuta, maandishi ya kijani bado yanasubiri dole gumba lake. Aliyatazama. Alitamani awe na hakika, kama alivyokuwa nayo siku aliyotengeneza kufuli. Hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mikono ya Mama Safari iliyomshika jana mezani, na kijiwe kile kilichokaa chini ya figa, na viwili hivyo havikutaka kulingana uzito hata alipovigeuzageuza.

"Sitawageuza," alisema.

Mwalimu aligeuza uso kuelekea uwanjani.

"Wakati wowote nitakaposikia kwamba nimekosea, nitakubali. Lakini siwezi kumwacha mtu aliye hai kwenye tope kwa ajili ya mtu aliyekwisha kwenda. Siwezi, Silivesta."

Alizima simu. Safari hii aliizima kweli. Kisha akaenda kwenye gari, akainua kiti cha nyuma, akatoa dumu dogo la plastiki na brashi mbili.

"Hilo nalo ni nini?"

"Mate. Ya kuzibia nyufa. Mchwa hawali kitu chenye mate. Wanadhani wenzao wamekwisha kukimaliza, wanakizunguka."

"Uliniambia hukubeba kazi hata kidogo."

"Nilikudanganya."

Mwalimu alilitazama dumu, akautazama mji uliopanda mteremko mpaka macho yalipochoka. "Hii inatosha nini?"

"Nyumba moja. Ndogo."

Mwalimu alikuwa na nyumba yake tayari moyoni, na ilikuwa ule uwanja wa mviringo. Yasinta alijua, wala hakuhitaji kuuliza. Alisimama na dumu mkononi akimsubiri, akiwa tayari kumpa. Mwalimu alikwenda mpaka katikati ya uwanja, akasimama pale kidogo, mgongo ameugeuza. Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Uwanja wa kuimbia watu watajenga tu, popote walipo," alisema. "Twende tukapake jiko la yule mama."

Walipaka pamoja, yeye ukuta wa nje, Yasinta ndani. Mate yalinuka siki na chuma. Yalipopungua waliacha brashi na kuyapaka kwa viganja, wakiyavuta yawe membamba kadiri yanavyoweza kuvutwa. Mwalimu alilala kifudifudi akapaka kizingiti, upande ulioanza kung'atwa kwanza. Alikuwa akihema, na magoti ya suruali yake ya fungate yalikuwa yameharibika kabisa. Yasinta alimtazama, akaona kwamba mtu huyu hakukubaliana naye, na bado yuko chini pale anapaka. Alimfuta vumbi shingoni kwa upande wa juu wa mkono, pale ambapo mate hayakufika.

"Una hasira na mimi?"

"Ninayo," alisema. "Niletee hilo dumu, kuna tone limebaki."

* * *

Mchwa walifika jua likiwa bado juu ya mwamba. Yasinta na Mwalimu walikuwa wamelisogeza gari pembeni, nje ya njia ya mchwa, na kusimama wameshikana mikono, mikono inayonata.

Kwanza vichaka vilitetemeka. Kisha nyumba ya mbali kabisa ikashuka, bila kishindo, kama sukari kwenye chai. Ikafuata ya pili. Matuta yalipungua kimo, mfereji ukajaa weusi unaotembea, na maji yake yakapotea njia na kutawanyika majanini. Uwanja wa mviringo ulipoguswa ulitoa sauti ya mwisho, mvumo mzito wa mamilioni ya meno ukirudishwa na viti vilivyobaki, na Mwalimu akavua kofia.

Yasinta hakugeuza uso. Alikuwa ameapa atatazama yote.

Kwenye nyumba ndogo wimbi lilisimama. Mchwa wa mbele waligusa kizingiti kwa vipapasio, wakasitasita. Wakagawanyika, wakapita kushoto na kulia, wakaungana tena mbele. Malkia alipita akinguruma, na nyuma yake barabara ilikuwa inafuka moshi, nyeusi, iliyonyooka. Pembezoni mwake nyumba moja ya mawe ilikuwa imekaa na mlango wake wazi.

* * *

Yasinta alijishtaki mwenyewe mbele ya kampuni. Walisoma taarifa yake wakaona hakuna sheria iliyovunjwa, wakampongeza kwa kumaliza kazi kabla ya mvua. Pongezi zile zilimuuma kuliko adhabu. Akawaambia hatatia dole gumba kwenye njia nyingine yoyote mpaka iandikwe kwamba mtu, mwenye macho na miguu, atatangulia mbele ya mchwa na kupita kila kichaka. Walibishana naye mpaka walipochoka. Mtu wa kwanza kuomba kazi hiyo alikuwa mwalimu mstaafu wa kwaya, na Yasinta alilazimika kutoka chumbani walipokuwa wakimsaili, kwa sababu ya undugu na kwa sababu ya kicheko.

Kufuli la malkia alilibadilisha pia, ili mchwa waweze kusogezwa kidogo bila kulala msimu mzima. Ilimchukua muda, na hakupewa medali.

Masika yalipokuwa yamekolea, siku ya ukungu mzito, simu iliita wakati wa chai. Ilikuwa Restituta, sauti imechoka na imejaa furaha.

"Ni msichana," alisema. "Tuko hospitali. Tumefika salama, gari limetuleta bila hata kuteleza."

Yasinta alimpongeza, akauliza uzito wa mtoto, akauliza kama Mama Safari yupo. Alikuwepo, alikuwa amelala kwenye kiti, amemkumbatia mjukuu baada ya kukataa kumwachia mtu yeyote.

Kisha Restituta akasema, "Shangazi, tulipita pale."

Yasinta alishika ukingo wa meza.

"Nilijua ndipo, kwa ile nyumba iliyobaki. Nikaliambia gari lipunguze mwendo."

"Na uchungu wote ule?"

"Na uchungu wote ule. Mama akapiga kelele, akasema nimerukwa na akili. Nikamwambia, mama, tunapita kwenye nyumba za watu."

Yasinta akamsogezea mumewe simu. Mwalimu aliipokea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamvuta mkewe begani kwake, akaanza kumuuliza Restituta, taratibu, kama mtoto amekwisha kunyonya.